Meko ya Kuotea Moto: Joto Linatoka Wapi na Linapotelea Wapi

Nyumba nyingi za mawe zilizojengwa enzi za ukoloni katika nyanda za juu, kuanzia Limuru na Molo hadi Lushoto na Mufindi, zina meko ya kuotea moto sebuleni. Ni uwazi mkubwa ukutani uliojengwa kwa mawe au matofali, na juu yake dohani inayotokeza nje ya paa. Wenye nyumba hizo wanazijua tabia zake. Ukikaa mbele ya moto, uso unaungua huku mgongo unaganda. Ukihamia pembe ya pili ya chumba, unatafuta sweta. Kuni zinateketea mzigo kwa mzigo, na chumba cha kulala upande wa pili wa ukumbi kinazidi kuwa baridi kuliko kabla moto haujawashwa.

Hilo la mwisho ndilo la kushangaza, na ndilo tutakaloanza nalo. Moto unawezaje kuipoza nyumba? Tukilijibu swali hilo kwa utaratibu, tutaelewa pia kwa nini watu wengi wa nchi za baridi, kama Uingereza na Marekani, wameyageuza meko yao ya zamani kwa kuyatia jiko la chuma la kupachika: sanduku lenye mlango wa kioo linaloingia ndani ya uwazi uleule wa zamani na kutoa moshi kwa bomba linalopita ndani ya dohani ileile.

Dohani ni pampu

Hewa ina uzito. Limuru, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 15 za Selsiasi ina uzito wa gramu 940 hivi. Ipashe hewa hiyo hadi nyuzi 200 nayo itatanuka. Nafasi ileile ya mita moja ya ujazo sasa itabeba gramu 570 tu. Tofauti ni gramu 370.

Sasa chukua dohani ya mita 6 iliyojaa moshi wa nyuzi 200. Ndani yake mna nguzo ya hewa nyepesi, na nje, ubavuni mwake, pana nguzo ya hewa nzito yenye urefu uleule. Kwa kila mita ya mraba, nguzo ya nje inaizidi ya ndani kwa kilo 2 na kidogo. Hewa nzito huelemea chini, huingia ndani ya nyumba kupitia kila upenyo, na kuisukuma ile nyepesi juu. Moshi haupandi kwa hiari yake, bali unasukumwa. Kinachoitwa mvuto wa dohani ni tofauti hiyo ya uzito tu, nayo huongezeka dohani ikiwa ndefu au moshi ukiwa moto zaidi.

Dohani ya namna hiyohiyo ikijengwa kwenye usawa wa bahari, ambako hewa ya nyuzi zilezile 15 ni nzito zaidi, tofauti hufikia karibu kilo 3. Kwa hiyo nyumba ya milimani, ambayo ndiyo inayohitaji moto, inaanza ikiwa na upungufu wa karibu robo ya nguvu ya kuvuta. Hili tulikumbuke, kwa sababu vipimo vingi vya urefu wa dohani vilivyomo katika vitabu vya viwandani havikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Limuru.

Kilo mbili kwa mita ya mraba ni nguvu ndogo, lakini mdomo wa meko ni mpana na koo la dohani halina kizuizi. Meko ya kawaida huvuta mamia ya mita za ujazo za hewa kwa saa. Tuchukue 400. Sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari la mita 3, ina hewa ya mita za ujazo 60. Maana yake ni kwamba hewa yote ya sebule inatoka zaidi ya mara sita kwa saa, na mahali pake panajazwa na hewa ya nje, ya baridi.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, subiri moto ukolee, kisha washa kijiti cha udi ukishike karibu na ufa ulio chini ya mlango wa chumba cha mbali kabisa na meko. Uzi wa moshi wa udi hautapanda wima. Utalala kuelekea ndani ya nyumba na kuifuata hewa inayokimbilia sebuleni. Hapo umeipata sababu ya chumba cha kulala kupoa: kinapokea hewa ya nje na kuipeleka kwenye moto.

Tupige hesabu

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, ndani ya kitu kigumu, msafara, kwa hewa au kimiminika kinachohama, na mnunurisho, kwa mawimbi yanayoruka kutoka kitu chenye moto bila kuhitaji kubebwa na chochote. Katika meko yaliyo wazi, msafara wote unaishia juu ya paa. Mpitisho unaingia katika mawe ya ukuta, na ukuta ukiwa wa nje, sehemu kubwa inatokea uani. Kinachobaki kwa ajili yako ni mnunurisho peke yake. Ndiyo sababu uso unaungua na mgongo unaganda, kwani mawimbi hayo hayapindi kona.

Sasa tarakimu. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa takriban megajuli 15. Ukichoma kilo 3 kwa saa, unapata megajuli 45 kwa saa, sawa na kilowati 12.5. Huo ni moto mkubwa. Lakini meko ya wazi kwa kawaida hukirudishia chumba asilimia 10 hadi 15 tu ya joto hilo. Tuwe wakarimu tuseme 15: kilowati 1.9.

Kisha tuitoe gharama ya hewa. Mita za ujazo 400 za hewa ya Limuru zina uzito wa kilo 380 hivi. Kila kilo huhitaji kilojuli 1 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1. Usiku wa Julai, nje ikiwa nyuzi 10 nawe ukitaka 20 ndani, hewa hiyo inadai kilojuli 3,800 kila saa, yaani karibu kilowati 1.1. Salio lako ni kilowati 0.8, chini ya hita ndogo ya umeme, kwa kilo 3 za kuni. Nje kukipoa zaidi, salio huzidi kupungua. Katika nchi ambazo usiku hufika sifuri au chini yake, moto wa namna hii unaweza kuipotezea nyumba joto zaidi kuliko unavyoiingizia.

Kuna tarakimu moja zaidi. Ili kilo moja ya kuni iungue yote, inahitaji hewa ya mita za ujazo 5 hivi. Kilo 3 zinahitaji 15. Tuzidishe mara mbili kwa tahadhari: 30. Meko yetu yanavuta 400. Hewa nyingi mno inapita bila kazi, na ikipita inaupoza moto wenyewe.

Moshi ni kuni ambazo hazijaungua

Kuupoza moto kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Kuni haiungui kama tunavyodhani. Gogo likitiwa motoni, kwanza maji yake huchemka na kutoka. Utayasikia yakichirizika na kutoa povu kwenye ncha iliyokatwa. Halijoto ikipita nyuzi 200, mti wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi na mvuke wa lami. Gesi hizo hubeba zaidi ya nusu ya nishati ya gogo. Mwisho hubaki kaa, linalowaka bila mwali.

Miale unayoiona ni gesi ikiungua juu ya gogo. Jaribu na mshumaa: uzime, kisha haraka upeleke njiti inayowaka kwenye uzi wa moshi mweupe, sentimita moja au mbili juu ya utambi. Mwali utashuka kwa kuufuata moshi na kuuwasha utambi ambao hukuugusa. Moshi ule ulikuwa mafuta yanayongoja moto.

Gesi ya kuni inangoja vitu vitatu: oksijeni, muda wa kuchanganyika nayo, na halijoto ya nyuzi 600 hivi. Katika meko ya wazi oksijeni ipo tele, lakini halijoto haitoshi, kwa kuwa hewa baridi inapiga kutoka kila upande. Wala muda hautoshi, kwa kuwa gesi inanyakuliwa na dohani mara inapozaliwa. Basi inatoka haijaungua. Sehemu yake inakuwa moshi wa kumwashia jirani macho, na sehemu nyingine inaganda ndani ya dohani.

Waliolitambua mapema

Mmarekani Benjamin Franklin aliliona tatizo hili miaka ya 1740 na kubuni meko ya chuma ya kutia ndani ya meko ya mawe, akayaeleza katika kijitabu alichokitoa 1744. Gavana wa Pennsylvania alimpa nafasi ya hataza, akaikataa. Ndani ya chuma kile mlikuwa na chumba cha hewa kilichopashwa moto na moshi, kisha hewa ikarudi sebuleni. Wazo lilikuwa sahihi, ila Franklin aliutaka moshi ushuke nyuma ya sanduku na kupita chini ya sakafu kabla ya kupanda dohani. Moto ulipokuwa mdogo, moshi ulipoa njiani, tofauti ya uzito ikatoweka, na moshi ukarudi chumbani. Alikuwa ameinyima dohani haki yake.

Mwaka 1796, Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alichapisha insha kuhusu meko ya dohani, na njia yake ilikuwa nyingine. Alipunguza kina cha meko, akazilaza kuta za pembeni zielekee chumbani ili zirudishe mnunurisho, na akalibana koo la dohani libaki wembamba wa sentimita 10 hivi. Hewa ya bure ikapungua, joto likaongezeka, na moshi ukaacha kurudi. Wawili hawa wanatuachia kanuni mbili zinazotakiwa kwenda pamoja: ibane hewa, lakini usiipoze dohani.

Jiko la kupachika linavyofanya kazi

Jiko la kisasa la kupachika linazitii kanuni zote mbili. La kwanza kulitazama ni mlango. Ukifungwa, hewa haiingii tena kwa mdomo wa mita nzima bali kwa vitundu unavyovifungua na kuvifunga kwa mkono. Ili kupata kilowati 4 jiko linalofanya kazi kwa asilimia 75 linachoma kilo 1.3 tu kwa saa, na hewa linayohitaji, hata tukiizidisha mara mbili, ni mita za ujazo 13. Linganisha na 400.

Kioo cha mlango ni cha seramiki, ambayo haitanuki kwa joto na hivyo haipasuki, nayo inaruhusu sehemu kubwa ya mnunurisho ipite. Kwa juu hewa huingizwa kwa namna ya kuteremka mbele ya kioo kama pazia, na kuyazuia masizi yasishike.

Ndani, kuta zimetandikwa matofali ya kuhimili moto au mabamba ya vemikulaiti, ili joto libaki kwenye tanuri na gesi ifikie zile nyuzi 600. Juu ya moto kuna bamba linalouzuia moshi usiende moja kwa moja, nao unalazimika kuja mbele kwanza kabla ya kupanda. Hapo ndipo hewa ya pili inapoingia, ikiwa imekwisha kupashwa, kwa safu ya vitundu vidogo. Jiko likikolea vizuri utaona miale ikining'inia chini ya bamba, mbali na gogo lolote. Hiyo ni ile gesi iliyokuwa ikipotea, sasa inaungua. Baadhi ya majiko hutumia pia kichocheo cha kikemia chenye madini kama paladi, kinachoiwezesha gesi kuungua kuanzia nyuzi 260 hivi.

Sanduku lina kuta mbili za chuma. Hewa ya chumba huingia kati yake kwa chini, hupashwa, hutokea kwa juu, na kwa njia hiyo msafara uliokuwa mali ya dohani unarudi kuwa mali yako. Wengine huongeza feni. Inasaidia, lakini chagua jiko linaloweza kufanya kazi bila feni, maana umeme hukatika siku za mvua, na ndizo siku za baridi.

Bomba ndani ya dohani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Dohani ya zamani ya sentimita 30 kwa 30 ina nafasi ya sentimita za mraba 900. Jiko lililobanwa hewa linatoa moshi kidogo, na ukiuachia humo utapanda polepole na kupoa. Moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi kabla haujatoka, maji na lami yake huganda ukutani na kuwa kreosoti, utando mweusi unaonata na kung'aa. Siku moto mkali ukipanda, kreosoti hiyo inaweza kushika na kuungua kwa nyuzi zaidi ya 1,000, na mawe hupasuka.

Dawa yake ni bomba la chuma cha pua kuanzia jiko hadi kileleni, kwa kawaida la kipenyo cha sentimita 15. Nafasi yake ni sentimita za mraba 177, kwa hiyo moshi uleule unapita mara tano kwa kasi zaidi na kufika juu ungali moto. Bomba livikwe kihami joto, hasa dohani ikiwa nje ya ukuta. Sehemu inayobaki kati ya bomba na koo la zamani izibwe kwa bamba la chuma, la sivyo hewa ya sebule itaendelea kutoroka pembeni. Kulisukumia jiko shimoni na kuacha moshi ujitafutie njia ni kulirudia kosa la Franklin kwa gharama kubwa zaidi.

Ukubwa nao una mtego. Kwa sebule yetu ya mita za ujazo 60, kilowati 4 au 5 zinatosha. Wengi hununua la kilowati 10 kwa kudhani kubwa ni bora. Chumba kinakuwa tanuri, wanaifunga hewa, moto unafuka badala ya kuwaka, na kreosoti inarudi. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu ni safi kuliko kubwa linalofuka.

Iwapo fundi wa kuchomelea wa mtaani ndiye atakayelitengeneza, kagua kama chuma ni kizito kisichopinda kwa moto, na kama kamba ya nyuzi za kioo inauzunguka mlango. Jiko likiwa limepoa, bana karatasi mlangoni kisha uivute. Ikichomoka bila ubishi, hewa inapita hapo bila ruhusa yako.

Na jambo moja ambalo halina mjadala. Kaa linalobaki usiku ni mkaa uleule unaoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Usifunge njia ya moshi kaa likiwa bado jekundu, weka king'ora cha gesi hiyo chumbani, na kumbuka kwamba feni kubwa ya kutolea moshi jikoni inaweza kuishinda dohani na kuurudisha moshi sebuleni.

Kuni

Mkaratusi uliokatwa leo unaweza kuwa nusu yake maji. Katika kilo moja, nusu kilo ya mti mkavu ina megajuli 9 hivi, na nusu kilo ya maji inakula zaidi ya megajuli 1 ili ichemke na kuwa mvuke. Unabaki na 8, badala ya 15. Mbaya zaidi, mvuke huo unaishusha halijoto ya tanuri, gesi haifikii nyuzi 600, na jiko la bei kubwa linafanya kazi kama meko ya zamani.

Pasua magogo, kwa sababu maji hutoka kwa shida kupitia ganda. Yapange juu ya vipande vya mbao yasiguse ardhi, funika juu tu, na ubavu uachie upepo. Chagua kipande kimoja, kiandike tarehe, ukipime kwa mizani kila mwezi. Kikiacha kupungua uzito, rundo liko tayari. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 20, na katika milima yenye ukungu hilo huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Mbao za rangi na plastiki zisiingie kabisa. Sumu yake hutoka na moshi, na asidi yake hula bomba.

Kwa hiyo mwenye meko ya zamani anayepanga matumizi aufuate utaratibu wa fizikia badala ya ule wa dukani. Kwanza banda la kuni, kwa sababu kuni mbichi hubatilisha kila kinachofuata. Pili, usafi na ukaguzi wa dohani, kisha bomba lake. Tatu ndipo jiko, la ukubwa uliopigiwa hesabu ya chumba. Ambaye fedha hazijatosha anaweza kuanza na njia ya Rumford, ambayo inahitaji matofali, saruji na fundi mwashi anayejua kubana koo la dohani. Kisha atoke nje, moto ukiwa umeshakolea kwa nusu saa, atazame juu ya paa. Akiona hewa inatetemeka tu, kuni zake zinaungua. Akiona moshi mzito, bado analipia joto asilolipata.